Hodi ya Saa Sita

Mimi nimezaliwa Iten, ukingoni mwa bonde, mahali ambapo sufuria ikikuponyoka jikoni huokotwa na watu wa tarafa nyingine. Kwa hivyo mtu akiniambia kwamba Kisiwa cha Pate kina mlima, mimi hucheka kwanza, halafu ndipo naomba radhi.

"Cheka tu," aliniambia Rufus. "Lakini tukifika usije ukaniambia miguu inatetemeka."

Rufus ni mwalimu wa jiografia katika shule tunayofundisha sote hapa Faza. Mimi nafundisha sanaa. Ametoka Kakamega, mdomo wake haujui likizo, na kwa miaka mitatu alikuwa akinisumbua twende Jabalini tukaone mji wa kale. Sikuwa na hamu. Tangu mwezi wa pili mwaka huu sikuwa na hamu ya kitu chochote, na ni heri niseme kwa nini sasa hivi, maana bila hilo haya mengine hayana maana.

Siku hiyo ya mwezi wa pili nilikuwa mbele ya Kidato cha Pili, nikiwaonyesha jinsi ya kuchora kivuli cha mtungi. Simu yangu ilikuwa mezani. Ikatetemeka. Nikaona jina: Mama. Nikaigeuza kifudifudi. Ikatetemeka tena, kisha tena, mara tatu kwa jumla, na mimi nikaendelea na kivuli changu cha mtungi. Nilijiambia nitampigia saa ya chakula. Nilipompigia, simu ilipokelewa na kaka yangu Kiptoo, naye alikuwa analia.

Mpaka leo sijui Mama alitaka kuniambia nini. Nilisafiri, tukazika, nikafarijiwa na watu wazuri kabisa walionieleza kuwa ni mapenzi ya Mungu. Sikubishana nao. Lakini usiku na mchana nilikuwa na swali moja tu, na wa kulijibu alikuwa chini ya udongo mwekundu wa Iten.

Basi likizo ya mwezi wa nane Rufus akasema, "Mwalimu, utakauka kama nguru humu chumbani." Nikapakia karatasi na makaa yangu ya kuchorea, nikapanda pikipiki.

*

Jabalini ni mji wa mawe ulioko kaskazini mwa kisiwa. Kilima chenyewe ni jabali la matumbawe lililoinuka peke yake, upande mmoja limetelemka taratibu kuelekea mashambani, upande wa pili limekatika wima mpaka baharini. Nilikuwa nimejiandaa kucheka. Sikucheka. Si kwa urefu wake. Kwetu hicho ni kichuguu. Ni kwamba nyumba zimeanza chini na kupanda, zimepanda, halafu katikati ya mlima paa zinakoma. Kutoka hapo kwenda juu ni kuta tupu.

Watu wa Jabalini wanaishi chini, na juu wanakuita Mji wa Yuu. Wanasema wazee wao walihama huko visima vilipogeuka chumvi, miaka mingi iliyopita. Siku hizi mji una wageni wa aina mbili. Kuna wanaokuja kwa sababu ya nakshi, maana hakuna mlango pale usiochongwa na hakuna ukuta wa chokaa uliokosa maua na minyororo yake. Na kuna wanaokuja kukwea ule upande wa baharini kwa kamba, wakiwa na kofia ngumu kama mafundi wa umeme. Rufus alikuwa wa kundi la pili. Tumbo lake halikukubaliana naye, lakini hakuliuliza.

Tulifikia kwa Bi Hindu. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, mjane, fundi wa nakshi za chokaa, anayefundisha wageni na kukodisha vyumba viwili vya ghorofani. Ana mikono mipana iliyochubuka kwa chokaa na ana macho ya mtu anayesikiliza kitu kilichoko chumba cha pili. Alitupa kahawa na visheti, akanitazama nikizichungulia kazi zake ukutani, akanipenda papo hapo. Na mimi nilimpenda. Alikuwa mtu wa kwanza tangu mwezi wa pili ambaye hakunipa pole, kwa sababu hakujua.

"Kesho nataka kupanda nikachore zile zidaka za juu," nilimwambia. Zidaka ni yale matundu ya ukutani, safu kwa safu, ambamo watu wa zamani walipanga vyombo vyao.

"Kachore, mwanangu. Zilizoko yuu ni bora kuliko zangu." Akaweka kikombe chini. "Lakini nisikizani nyote wawili. Huku chini, kila mlango pigani hodi. Yuu hakupigwi hodi. Na ukiwa ndani ya nyumba ya yuu, yua likiwa kitwani, saa sita, ukasikia hodi, usiseme karibu."

"Niseme nini?"

"Sema, 'Mwenyewe hayupo.' Basi. Atakwenda zake."

"Nani huyo?" Rufus akauliza.

"Yeyote. Sauti utaijua. Hata iwe ya mtu wako, sema hayupo."

Rufus akapiga goti lake kofi. "Sasa hii, Bi Hindu! Si watu wenu husema mgeni njoo, mwenyeji apone?"

Bi Hindu hakucheka. "Hiyo ni ya huku chini, bwana," akasema, akainuka kwenda kuswali.

Mimi nilikasirika, nakiri. Nina hasira za karibu, na sipendi mtu mzima anitishe kama mtoto. Nilimwambia Rufus ghorofani kwamba kila mji wa wageni una jini lake la kuwatangazia wageni, na hili walau lina adabu, linabisha mlango.

*

Asubuhi tulipanda. Ndia ya ngazi, kama wanavyoiita, imechongwa kwenye jabali lenyewe, na katikati imelika kwa nyayo za watu ambao hawapo tena. Tulifika juu. Niliona bahari pande tatu, na mikoko, na huko mbali weupe wa mawimbi yakivunjika kwenye mwamba. Mitaa ilikuwa bado mitaa. Ungeweza kumwelekeza mtu, pita hapo, kata kulia, nyumba ya tatu.

Nyumba niliyoichagua ilikuwa ya mwisho upande wa mashambani, haina paa, kuta nne zimesimama na za ndani zimesimama. Mbele ya mlango palikuwa na mkunazi mmoja mfupi. Shina lake lilikuwa limesuguka, usawa wa kiuno changu, gamba lote limetoka na mti umebaki laini kama mpini wa jembe.

"Wanafunga mbuzi hapa," akasema Rufus.

"Mbuzi gani wa kufika hapo?"

"Ng'ombe, basi. Wewe Mkalenjin utajua." Akacheka, akaenda zake upande wa baharini ambako vijana wenye kamba walikuwa wanamngoja. Nilisikia kicheko chake mpaka kikapotelea nyuma ya kuta.

Nilikaa chini, nikaegemea ukuta, nikaanza kuchora. Nitasema ukweli, nilifurahi. Kulikuwa na zidaka thelathini na mbili ukutani, kila moja na upinde wake, na fundi aliyezichonga alikuwa mtu wa mzaha, maana katika moja, pembeni kabisa, alikuwa amechonga ua lililogeukia upande usio wa wenzake. Mkono wangu uliokuwa umekufa ganzi miezi sita ulikuwa unatembea wenyewe. Jua likapanda, kivuli changu kikajikunja chini yangu, sikujali.

Kisha upepo ukakata. Hata kunguru wakanyamaza. Nilitazama saa: saa sita kasoro dakika kumi.

"Hoti."

Sauti ilitoka nje ya mlango, upande ule wa mkunazi. Nilijua ni ya nani kabla neno halijaisha. Mama hakuwahi kuikanyaga Pwani. Kiswahili chake alikijua sokoni, na hodi yake ilikuwa na T nzito ya watu wa kwetu. Nilimcheka kwa hiyo tangu nikiwa darasa la nne. Alibisha hivyo kwa jirani, kanisani, kwa daktari. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa na ile hodi.

Makaa yaliniponyoka. Sikuogopa, na hilo ndilo linalonitisha ninapolikumbuka. Nilisikia tu vidole vyangu vikiwa baridi kwenye jua lile.

"Hoti," akasema tena, kwa upole, kama mtu anayejua kwamba wenyeji wana shughuli.

Nilikumbuka maneno ya Bi Hindu. Yalikuwa hapa, mdomoni, maneno mawili tu. Lakini nilikuwa nimeshawahi kumnyamazia mtu huyu aliponiita mara tatu, na nilijua ya tatu ikipita kinachofuata ni nini.

"Hoti, Chero."

"Karibu," nikasema. "Karibu, Mama. Ingia."

Hakuingia mtu. Mlangoni palibaki mwanga mtupu. Ila nilisikia harufu ya kibuyu cha maziwa, ile ya makaa ya mti tunayosugulia ndani, harufu ambayo haiwezi kuwa Pate kwa njia yoyote. Ilinipita karibu na bega langu la kushoto, ikaenda kukaa kwenye pembe ya chumba.

Halafu likaja jambo ambalo sijui kulieleza vizuri. Nilijiona mgeni. Nilikuwa nimekaa sakafuni miguu nimeinyoosha, vitu vyangu nimevitapanya, na ghafla nikaona haya, haya kabisa, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kualikwa na mwenyewe anamtazama. Nikainuka. Nikaokota karatasi zangu haraka haraka. Nikasema, "Samahani," nikatoka nje kinyumenyume.

Nilishuka ngazi mbio, bila kugeuka nyuma.

*

Bi Hindu alikuwa uani anachekecha chokaa. Aliniangalia mara moja tu.

"Umesema karibu," akasema.

"Alikuwa mama yangu."

"Yu hai?"

"Hapana."

Alinawa mikono, taratibu, kidole kimoja kimoja. Kisha alinikalisha kwenye kitanda cha kamba akanieleza, bila kupamba. Ukimkaribisha, nyumba imekuwa yake, na wewe umekuwa mgeni. Kabla ya maghrib lazima urudi, usimame nje, ubishe hodi mara tatu. Akinyamaza, ameshaenda, na yameisha. Akikuambia karibu, miguu yako itaingia yenyewe, na hutoki tena.

"Na nisiporudi?"

"Kesho saa sita atabisha kwako. Popote ulipo. Na huko hutakuwa na mti wa kujifunga."

Nikaukumbuka mkunazi. Bi Hindu aliona kwamba nimeukumbuka.

"Mume wangu Uthman," akasema. "Yapata miaka mine sasa. Alikuwa fundi kunishinda. Alikwenda yuu kutazama zile zidaka, akasikia hodi ya marehemu ndugu yake, akamkaribisha. Jioni akarudi kubisha. Sikuwa nayajua haya kama ninavyoyajua leo, nilimwacha aende peke yake. Tulivikuta viatu vyake kizingitini, vimepangwa. Ndani hamna kitu. Nyumba haina paa, mwalimu, haina shimo, haina mlango wa pili."

"Na wewe hupanda?"

"Kila Ijumaa, saa sita, kabla ya swala. Namsikiza sauti. Nikijifunga sawasawa siingii."

Rufus alirejea wakati huo, magoti yamechunika, anang'aa kama mtoto aliyepewa baiskeli. Nilipomweleza, mng'ao ukamtoka. Hakunicheka. Alisema tuchukue pikipiki sasa hivi, twende Faza, tumtafute mchungaji, au shehe, au wote wawili. "Achana na hii mambo, Cherotich. Nakuomba. Hatujui hii mambo."

"Narudi juu," nikasema.

"Kwa sababu unaogopa atakufuata?"

"Ndiyo," nikamjibu, na nilikuwa namdanganya. Sikuogopa kufuatwa. Nilikuwa nimesikia mama yangu akiita jina langu, na kulikuwa na mahali, dakika ishirini kwa miguu, ambapo huenda angenifungulia mlango. Mtu mwenye njaa hamuulizi mpishi.

Bi Hindu alinitolea leso zake mbili zilizoshonwa ncha kwa ncha, nyekundu ya zamani iliyofuliwa mpaka ikawa ya waridi. "Ncha moja kiunoni, fundo mara mbili. Ncha ya pili mkunazini. Ndipo ubishe. Akisema karibu, jikaze mpaka asikie adhana, atanyamaza." Akaishika mikono yangu. "Usibishe kabla hujafunga. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Rufus alinisindikiza mpaka mwisho wa nyumba zenye paa. Bi Hindu alikuwa amemwambia kwamba wawili hawabishi pamoja. Akakaa kwenye ngazi, mikono kichwani.

*

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Jua lilikuwa limelala ubavu na kuta zote za juu zilikuwa za rangi ya asali. Nyumba ilikuwa vilevile, mkunazi vilevile. Kipande cha makaa yangu kilionekana sakafuni, nilipokiangusha.

Niliifunga ncha moja ya leso mtini. Ncha ya pili niliishika mkononi. Nikaitazama kwa muda mrefu.

Kisha nikaiachia.

Nataka nieleweke. Sikupagawa na hakuna aliyenivuta. Nilikuwa na akili zangu timamu, kama nilivyokuwa nazo siku ile nilipogeuza simu. Nilivua viatu nikavipanga kizingitini, kwa sababu kwa Mama hatuingii na viatu, na nikasimama pale miguu mitupu, nikamwomba Mungu siku nyingine akaribishwe yeyote amtakaye, lakini leo nikaribishwe mimi.

"Hodi," nikasema.

Kimya. Ile harufu ya kibuyu ikanijia, nzito, kama mtu amekifungua sasa hivi.

"Hodi."

Ndani mtu alisogea. Niliisikia ile pumzi ya Mama ya kuinuka kwenye kigoda, akishika goti lake bovu. Nikajua yuko hatua tatu kutoka mlangoni, nyuma ya ukuta tu. Machozi yalikuwa yananitiririka na nilikuwa natabasamu kama mwendawazimu.

"Hodi, Mama. Ni mimi. Sikupokea simu. Nisamehe, nilikuwa darasani. Nifungulie."

Nilingoja. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umeshainuka.

"Mwenyewe hayuko," akasema Mama.

Nilidhani sikusikia. "Mama?"

"Mwenyewe hayuko, Chero." Sauti ilikuwa karibu sana, na ilikuwa na ule ukali aliokuwa nao akinikuta nachezea ukingo wa bonde. Halafu ikalegea. "Rudi kwa watoto. Usiwaache peke yao."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akimaliza kila simu. Miaka yote. Alijivuna mbele ya kanisa zima kwamba binti yake anafundisha watoto wa baharini, na kila alipopiga, hata nikiwa na muda, hata nikitaka kuendelea kuongea, yeye ndiye aliyekata: rudi kwa watoto, usiwaache peke yao.

Mguu wangu ukashuka. Harufu ikaisha, si polepole, bali mara moja, kama taa inavyozimwa. Nyumba ikawa kuta nne. Nilikaa kizingitini nikalia kwa sauti, na ilipoadhiniwa chini nikavaa viatu vyangu, nikafungua leso mtini, nikashuka.

*

Rufus alinikumbatia mbele ya watu, jambo ambalo halifanyiki Jabalini, na hakusema neno moja la mzaha mpaka siku ya pili. Bi Hindu alikuwa mlangoni kwake. Nilimpa leso. Aliipitisha vidoleni, ncha kwa ncha, na alipofika kwenye ile ambayo haikuwa na kunyanzi hata moja akasimama.

"Hukujifunga."

"Sikujifunga."

"Akanyamaza?"

"Hakunyamaza. Alisema mwenyewe hayuko. Akaniambia nirudi."

Bi Hindu alikaa chini, pale pale kizingitini. Kwa miaka yote ya mji huo, alisema, hakuwahi kusikia kwamba aliyeko ndani amesema hivyo. Wengine hunyamaza. Wengine hukaribisha. Alikaa na leso magotini, akitazama chokaa kwenye kucha zake.

"Basi alikuwa mamako kweli," akasema hatimaye. "Alikupenda, akakufukuza."

Nikamshika bega. 

"Wangu mimi," akasema Bi Hindu, "kila nikibisha huniambia karibu. Miaka mine. Na mimi hushuka nimefurahi."

Aliinuka, akatupakulia wali, akatuwekea na samaki wa kupaka. Hakula. Nilipokuwa nalala nilimsikia akitembea chini, na mara moja nilimsikia akisema peke yake, polepole, kama mtu anayepima uzito wa kitu: "Lakini sauti ni yake."

Asubuhi, pikipiki ikiwa inanguruma, alinitilia kitu kwenye mkoba. Nilikuwa nimefika nusu ya njia ya Faza nilipofungua nikaona ni ile leso. Nilimpigia simu papo hapo. Alicheka. "Kaa nayo, mwanangu. Mimi nnazo nyingi."

Lakini nilikuwa nimeishi kwake siku mbili, nimeona kamba yake ya nguo, nimeona kabati lake. Leso zilizoshonwa ncha kwa ncha alikuwa nazo hizo tu.

Tangu hapo, kila siku saa sita kasoro robo mchana, nampigia Bi Hindu. Tunaongea ya kawaida. Chokaa imepanda bei, wageni wamepungua, Rufus anataka kurudi kukwea na tumbo limeongezeka. Namweka kwenye simu mpaka saa sita na robo ipite, na nadhani anajua ninachofanya, maana hajawahi kuwa wa kwanza kukata. Ijumaa nazidisha, Ijumaa naongea mpaka salio liishe. Shule ilipofunguliwa nilimwomba mwalimu mkuu anibadilishie kipindi ili dakika hizo niwe huru, nikamdanganya kwamba ni dawa nakunywa.

Leo ni Ijumaa, na mwalimu mmoja ni mgonjwa, nikapewa Kidato cha Pili saa ile ile. Nimeingia darasani, nimewapa mtungi wachore, nimetoka kwenye veranda nikapiga. Simu imeita mpaka ikakatika. Nimepiga tena. Nimepiga mara ya tatu.

Mama alisema nisiwaache watoto peke yao, na leo nitamkosea. Nimewaambia wachore kivuli cha mtungi taratibu, bila haraka, mwalimu anarudi. Pikipiki iko langoni. Leso iko ndani ya mkoba, nyekundu iliyofuliwa mpaka ikawa ya waridi, na safari hii nitaifunga kiunoni fundo mara mbili.

Nitapanda moja kwa moja hadi ile nyumba ya mwisho. Nikikuta viatu vimepangwa kizingitini, nitajifunga, nitabisha hodi, nitamwita kwa jina lake, Bi Hindu. Njia nzima nitakuwa naomba jambo moja tu, nisikaribishwe.